Lamian ya Lanzhou, biangbiang ya Xi'an au laghman ya Xinjiang: ukiwa Guangzhou ule ipi?

Mfanyabiashara aliyefuata mzigo Guangzhou ana shida mbili za chakula: muda hana, na nyama ya ugenini haijui. Asubuhi yuko sokoni, mchana anazungushana na wakala, jioni anahesabu katoni, na katikati ya hayo anapita mbele ya migahawa ambayo kibao chake hawezi kusoma hata herufi moja. Ndiyo maana wengi wetu tunaangukia kwenye tambi. Unamwona mpishi akizitengeneza, bakuli linafika upesi, bei haiumizi.

Ila tambi za kuvutwa kwa mkono si kitu kimoja. Ukizunguka Guangzhou kidogo utakutana na angalau tatu: lamian, yaani tambi za supu ya ng'ombe zinazojiita za Lanzhou, biangbiang za mji wa Xi'an, pana kama vidole viwili au vitatu, zisizo na supu, na laghman za mkoa wa Xinjiang, zinazomwagiwa rosti ya kondoo na mboga. Zote ni unga wa ngano, maji na chumvi, na zote huvutwa na mikono ya mtu. Kinachofika mezani, hata hivyo, ni milo mitatu isiyofanana.

Msimamo wangu nautoa mapema, asiyetaka maelezo aondoke nao. Uko peke yako na una haraka, nenda Lanzhou. Mko watatu wanne na njaa ni ya kweli, Xinjiang. Biangbiang iwekee siku ambayo huna miadi, maana inataka utulivu na haina huruma na shati jeupe.

Mkono na unga

Anayestahili kutazamwa kuliko wote ni mvutaji wa Lanzhou. Unga wake umeshakandwa na kupumzishwa, halafu umepakwa maji yenye penghui, majivu ya mmea wa nyika za kaskazini-magharibi mwa China. Siku hizi wengi hutumia unga wa kiwandani unaofanya kazi ileile. Majivu hayo yana alkali, ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage, na ndiyo yanayoipa tambi ile rangi ya manjano kwa mbali na ule mvutiko ambao hauukati kwa meno ya mbele tu. Mpishi anaukamata mkuki wa unga ncha mbili, anauvuta hadi mikono inanyooka, anaukunja katikati, anavuta tena. Kila kunja huzidisha mara mbili: mbili, nne, nane, kumi na sita. Akifika mara ya saba ana nyuzi 128, ya nane ana 256. Katikati ya mvuto anaupiga ubaoni paa, vumbi la unga linaruka, kisha anakata kile kishikizo cha mwisho kwa kidole na kuzirusha kwenye sufuria. Kuanzia kuvuta hadi kuiva ni dakika chache mno, na hiyo ndiyo siri ya kasi ya migahawa hii.

Mtu wa Xi'an hazidishi kitu. Kila kipande cha unga kwake ni tambi moja. Kimelala kwenye mafuta kwa muda, anakibapa, anakandamiza mstari katikati kwa kijiti cha kusukumia, anashika ncha mbili na kukivuta huku akikibamiza mezani. Kikifika urefu wa mikono yake miwili, anakipasua kwa kufuata ule mstari, na anapata utepe mrefu sana. Bakuli zima linaweza kuwa na nyuzi chache tu. Hakuna majivu humo, kwa hiyo tambi ni nyeupe na utafunaji wake ni wa kinyumbani zaidi: mnene, laini nje, mgumu kidogo ndani.

Wauighuri, Waislamu wenyeji wa Xinjiang, nao wana njia yao. Unga wa chumvi unaviringishwa kuwa kamba ndefu, unapakwa mafuta na kuzungushwa kwenye sahani kubwa kama nyoka aliyelala, unaachwa upumzike. Mteja akiagiza, mpishi anaichukua ile kamba, anaipitisha viganjani ikizidi kuwa nyembamba, anaizungushia mikononi, anaipiga ubaoni na kuichemsha. Ni tambi za duara, nene kuliko za Lanzhou wanazokupa bila kuuliza, na haziharibiki upesi kwa sababu hazikai kwenye supu.

Bakuli la Lanzhou

Hili nalieleza kwa urefu kwa kuwa ndilo utakalokutana nalo mara nyingi zaidi, na ndilo lenye mitego.

Lanzhou ni mji mkuu wa mkoa wa Gansu, kandokando ya Mto Manjano. Wenyeji humtaja Ma Baozi, Mwislamu wa kabila la Wahui, kuwa ndiye aliyeanza kuuza tambi za aina hii mjini humo mwaka 1915. Bakuli lao lina sheria ya rangi tano ambayo kila mtu wa Lanzhou anaijua: supu iwe safi ya kuonyesha chini, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, tambi ziwe za manjano. Supu hutokana na nyama na mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi, mdalasini na viungo vingine, huku povu likitolewa kila mara. Kwao ni chakula cha asubuhi. Watu hula wakielekea kazini, wengine wamesimama, na maduka mengi hufunga mchana.

Guangzhou, sivyo. Migahawa mingi yenye jina la Lanzhou katika miji ya pwani ya China haikufunguliwa na watu wa Lanzhou. Wenye nayo wengi wametoka Hualong, wilaya ya mkoa jirani wa Qinghai, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1980 familia nzima nzima zimehamia miji mikubwa kufungua vijiduka vya tambi. Watu wa Lanzhou hulalamika kwamba supu ya huko haifanani na yao, na wana haki: mara nyingi ni nyepesi zaidi na vipande vya nyama ni vichache. Kwa mgeni kama sisi, lakini, kijiduka cha Hualong kina faida tatu. Kinafunguliwa mpaka usiku. Ukutani kuna picha za vyakula, na nyingine zina namba, kwa hiyo ukionyesha kidole umeagiza. Na huuza zaidi ya supu: wali wa kukaangwa, tambi za kukaangwa, na daoxiao, ambazo ni tambi za Shanxi zinazokwanguliwa kwa kisu moja kwa moja kwenye sufuria. Hizo za kisu si za kuvutwa, usidanganyike na picha, ingawa ni tamu.

Mtego wa kwanza ni unene. Mvutaji anaweza kukutengenezea tambi ya ukubwa wowote kutoka unga uleule, na asipoambiwa atakupa za kawaida. Nyembamba kuliko zote huitwa maoxi, kama nywele. Kwa macho zinapendeza mno, na mtu akienda mara ya kwanza huzitaka hizo. Mimi nashauri aziache. Ndani ya supu ya moto huanza kulegea kabla hujapata picha ya kuwatumia watu wa nyumbani, na ukifika nusu ya bakuli unakula uji. Erxi ni nene kiasi. Inashika supu na inabaki na mvuto hadi mwisho. Jiuye ni bapa na nyembamba, hukamata mafuta ya pilipili kuliko zote. Dakuan ni mkanda mpana, na anayeipenda hiyo pengine moyo wake uko Xi'an bila yeye kujua. Sema "er xi" tu, watakuelewa.

Mtego wa pili ni nyama. Bakuli la kawaida huja na vipande vyembamba vinavyohesabika. Si wizi, ndivyo lilivyo. Mtu aliyezoea supu ya ng'ombe ya Dar au Mombasa, yenye pande zima la nyama na mfupa, atajiona ameonewa. Dawa yake ni kuongeza sahani ndogo ya nyama iliyokatwa na yai la kuchemsha, na hapo ndipo bei inapopanda kutoka yuan kumi na kitu hadi zaidi ya 20.

Pilipili ya mafuta ipo mezani au wanakutilia wao. Inanukia kuliko inavyowasha. Siki nyeusi ipo pia, na matone machache huamsha supu iliyopoa.

Bila supu

Mzee mmoja wa Tanga, niliyekaa naye meza moja alipoletewa biangbiang kwa mara ya kwanza, aliligeuza bakuli huku na huku akauliza, "Mwanangu, mchuzi wake uko wapi?" Hakuna mchuzi. Juu ya tambi kuna rundo la pilipili ya unga, kitunguu saumu kilichosagwa na majani ya kitunguu, kisha mafuta yaliyochemka hadi kufuka moshi yamemwagwa juu yake, yakachacharika na kutoa harufu inayofika mlangoni. Chini kuna siki nyeusi na sosi ya soya. Kazi ya kuchanganya ni yako, na usipochanganya mara moja tambi hushikana. Mzee alichanganya kwa kijiko, akala, akanyamaza. Mwishoni aliomba maji waliyochemshia tambi, ambayo hutolewa bure na ndiyo kinywaji cha mlo huo; yana uzito kidogo wa unga na hutuliza ile pilipili.

Hii youpo, ya mafuta ya moto, ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu mbili. Unaonja unga wenyewe, haujifichi nyuma ya supu. Na kwa kawaida haina nyama, jambo ambalo kwa Mwislamu linapunguza wasiwasi bila kuumaliza. Aina nyingine za biangbiang huja na nyama ya kusaga, na katika migahawa isiyo ya Kiislamu nyama hiyo mara nyingi ni nguruwe. Kuna za mchanganyiko wenye nyanya na mayai, tamu kwa watoto na kwa mtu asiyewezana na pilipili. Xi'an kwenyewe kuna mtaa mkubwa wa Wahui kuzunguka Msikiti Mkuu, na huko utakula kwa amani. Guangzhou lazima uulize.

Kasoro yake ni ya vitendo. Utepe mmoja ni mrefu, mzito na unateleza. Vijiti vinahitaji mazoezi, na ukiunyanyua vibaya unarudi bakulini kwa kishindo na kukurushia mafuta mekundu. Usiende nayo kwenye mkutano wa kufunga bei.

Sahani ya Xinjiang

Laghman ndiyo iliyo karibu zaidi na ladha ya kwetu. Kondoo aliyekatwa vipande vidogo, nyanya, pilipili hoho, kitunguu maji, kitunguu saumu na bizari nyembamba, vyote vimekaangwa kwa moto mkali mpaka vinatoa rojo. Tambi hulala chini au huja kwenye sahani yake, rosti pembeni, unamwaga mwenyewe. Hakuna kiungo hata kimoja ambacho mpishi wa Unguja hakijui. Na ukimaliza tambi na rosti bado ipo, sema "jia mian", yaani niongezeeni tambi. Migahawa mingi ya Xinjiang huongeza bila malipo au kwa hela ndogo. Kwa kijana anayebeba katoni siku nzima hilo lina maana.

Kinachonifanya niipeleke mbele kwa watu wengi ni mambo mengine yaliyo kwenye meza hiyohiyo. Kuna polo, pilau yao ya karoti na kondoo, ambayo ukiionja utajua tuna ukoo nayo. Kuna mishikaki ya kondoo yenye bizari na pilipili. Kuna mkate wa tanuri. Kuna kuku wa sahani kubwa, dapanji, aliyepikwa na viazi na pilipili, na mwisho wake hutiwa tambi pana zilowe kwenye mchuzi. Huyo mmoja huwalisha watu wanne. Msafiri mmoja anaweza kula laghman yake, mwenzake akala wali, hakuna aliyelazimishwa. Lanzhou huna uhuru huo wa kugawana, bakuli la supu ni la mtu mmoja.

Bei huzidi kidogo, na muda pia: rosti haipikwi mpaka uagize, hesabu robo saa au zaidi. Mafuta ni mengi. Mwenye tumbo lililochoka na safari ya ndege arudi kwenye supu.

Swali la nyama

Neno la kutafuta kwenye kibao ni qingzhen, herufi mbili 清真, na mara nyingi pembeni yake imeandikwa halali kwa Kiarabu. Vijiduka vya Lanzhou vya Hualong karibu vyote vinayo, na wapishi huvaa kofia nyeupe. Humo huuziwi pombe, na hupaswi kuingia na chakula au bia ya nje. Wenye duka hulichukulia hilo kuwa dharau, hata kama mteja ni Mkristo na hakujua. Migahawa ya Xinjiang nayo kwa kawaida ni ya halali kwa nyama, ingawa baadhi huuza bia, kwa hiyo anayetaka meza isiyo na chupa aangalie kwanza. Biangbiang haina kanuni. Picha ya ng'ombe ukutani si ushahidi.

Siku ya Ijumaa jambo ni rahisi zaidi. Waliokwenda kuswali Msikiti wa Xianxian, ule wenye kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, hukuta nje vyakula vya Waislamu wa China vikiuzwa, na unaweza kulinganisha kwa pua kabla ya kutoa pesa.

Mambo madogo ya mezani

Katika duka la Lanzhou unalipa kwanza kwenye kaunta, na kwenye baadhi unapewa kikaratasi unachompelekea mvutaji dirishani. Hapo ndipo pa kutaja unene. Xinjiang unakaa, unaletewa, unalipa baadaye. Siku hizi kuna msimbo wa QR mezani, na programu za malipo za WeChat na Alipay hukubali kuunganishwa na kadi ya Visa au Mastercard ya kutoka nje. Fanya hivyo kabla hujasafiri, ukiwa bado na laini yako ya nyumbani ya kupokea ujumbe wa uthibitisho. Noti pia hupokelewa, lakini chenji ya yuan 100 kwa bakuli la 15 inaweza kumfanya mwenye duka aende kuomba kwa jirani.

Asiyependa pilipili aseme "bu yao la". Asiyependa giligilani, "bu yao xiangcai". Kufyonza tambi kwa sauti si utovu wa adabu, kila mtu anafanya. Kukata tambi kwa meno na kuziacha zianguke bakulini pia kunaruhusiwa, na kwa biangbiang hakuna njia nyingine.

Wakati wa maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, Aprili na Mei kisha Oktoba na Novemba, ndani ya kumbi za Pazhou chakula ni ghali na foleni ndefu. Wanaojua hula bakuli la Lanzhou asubuhi karibu na hoteli, wanabeba maji, wanasubiri jioni kwa mlo wa Xinjiang na wenzao. Mji wa Yiwu, wenye soko kubwa la jumla, hali ni nafuu kuliko hapo, kwa sababu Waarabu, Waafrika na Wahui wameijaza migahawa ya halali karibu na soko.

Na kwa walio Ulaya au Marekani: kwenu huenda biangbiang ndiyo rahisi kuipata. New York, mgahawa wa Xi'an Famous Foods ulioanzia Flushing mwaka 2005 umewazoesha watu wengi ladha hiyo, na London nako tambi za Xi'an zina wapenzi wake. Huko nguruwe huwa kwenye orodha ileile ya vyakula na kondoo, wakati mwingine kwenye sufuria zilezile, kwa hiyo youpo isiyo na nyama peke yake haitoshi kwa mtu anayechunga. Aulize na kuhusu jiko.